Mvua na Maji Machafu ya Mjini

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu wa mjini huliona kwa macho yake kila mwaka, wala wengi hawaulizi maana yake. Jambo lenyewe ni hili: mvua inaponyesha, maji machafu yatokayo majumbani mwetu, yaani ya vyooni, ya jikoni na ya kuogea, hugeuka hali yake. Je, huwa mazuri kuliko siku ya jua, au huwa mabaya zaidi?

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu swali hili, aghalabu hujibu kwa sauti moja: “Huwa mazuri zaidi, Mwalimu, kwa sababu yamechanganyika na maji mengi ya mvua.” Jibu hilo si la upuuzi, maana lina kweli ndani yake. Lakini ni nusu ya kweli tu, na watu wengi wamepatwa na maradhi kwa kuishika nusu hiyo na kuiacha nusu ya pili. Basi leo na tuzitazame nusu zote mbili.

Mfano wangu nitautwaa Ubungo, upande wa magharibi wa mji wa Dar es Salaam. Zamani Ubungo ilikuwa sehemu ya Kinondoni, na tangu mwaka 2016 ni manispaa yake yenyewe. Nchi yake ni ya miinuko na mabonde. Juu ziko Kimara na Mbezi, na chini ziko Manzese, Mabibo na Mburahati, ambako nyumba zimesongamana hata mtu hupita upande upande kichochoroni. Vijito vya mabonde hayo huteremka mpaka Mto Msimbazi. Mto huo watoka katika vilima vya Pugu, wapita katikati ya mji, wafika Jangwani, kisha waingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Basi tone la maji likidondoka juu ya bati Ubungo, njia yake ni hiyo. Lo lote litakalokutana nalo njiani litachukuliwa.

Mvua za Dar es Salaam ni mbili, kama mjuavyo. Masika huanza mwezi wa Machi hata Mei, na vuli huanza mwezi wa Oktoba hata Desemba. Kwa mwaka mzima mvua yote hupata milimita 1,100 hivi. Katikati ya masika na vuli iko miezi mikavu, na miezi hiyo mikavu ina maana kubwa katika habari yetu, kama tutakavyoona.

Kwanza sharti tujue njia za maji machafu. Ziko namna tatu. Namna ya kwanza ni mfereji mmoja wa chini ya ardhi unaopokea yote mawili, maji machafu ya majumbani na maji ya mvua ya barabarani. Miji mingi ya kale imejengwa hivyo: London, Paris na New York. Hapa kwetu pwani, Mji Mkongwe wa Unguja una mifereji ya zamani ya namna hiyo, na midomo yake yafunguka baharini. Namna ya pili ni mabomba mawili mbalimbali, moja la maji machafu na moja la mvua. Katikati ya mji wa Dar es Salaam palikusudiwa kuwa hivyo. Namna ya tatu haina bomba lo lote: kila nyumba ina shimo lake la choo au karo lake. Namna hii ya tatu ndiyo ya watu walio wengi wa Dar es Salaam. Wale ambao nyumba zao zimeunganishwa na bomba la maji machafu hawafiki hata watu 2 katika kila watu 10.

Sasa mtu atasema, “Kama ni hivyo, habari za mfereji mmoja wa London zatuhusu nini sisi wa mashimo?” Zatuhusu sana. Mvua kubwa ikinyesha Ubungo, maji ya barabarani, maji ya mashimo yaliyojaa na maji ya karo zilizopasuka hukutana yote bondeni. Hapo bonde lenyewe limekuwa mfereji mmoja wa maji yote, tofauti yake na ule wa London ni kwamba huu wetu hauna dari, na watoto wetu hucheza kando yake. Kwa hiyo kanuni ni ile ile.

Na tuanze na siku za jua. Wakati wa kiangazi maji machafu hupita polepole katika mfereji, tena ni machache. Maji yaendayo polepole hayana nguvu ya kubeba vitu vizito. Mchanga, kinyesi, mafuta ya jikoni na mabaki ya chakula huzama na kulala chini, siku baada ya siku, hata huwa tope jeusi lenye kunuka. Huko juu nako barabarani uchafu hujikusanya vile vile: vumbi, mavi ya wanyama, mafuta yaliyovuja katika magari, majivu, na taka zilizotupwa mtaroni. Kadiri siku za ukavu zinavyozidi kuwa nyingi, ndivyo akiba hiyo ya uchafu inavyozidi kuwa kubwa.

Halafu mvua huja. Maji hujaa kwa ghafula, hupata mbio, na maji yenye mbio yana nguvu ya kukwangua. Lile tope la miezi mingi huinuka lote na kuchukuliwa kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo maji ya mwanzo wa mvua ni machafu kupita hata maji machafu yenyewe ya siku ya jua. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ni chafu kupita zote zinazoifuata. Wataalamu wa mji mbalimbali wamelipima jambo hili mara nyingi, lakini hapana haja ya vyombo vya thamani ili kuliona. Chupa nne zatosha.

Mwaka mmoja, mwanzo wa vuli, niliwapa wanafunzi wangu chupa nne nyeupe za kioo, tukangoja mvua kando ya mtaro upitao nyuma ya nyumba za watu. Chupa ya kwanza tuliijaza maji yalipoanza tu kutiririka. Ya pili baada ya dakika 10. Ya tatu baada ya nusu saa. Ya nne baada ya saa nzima. Tukaziweka dirishani mpaka asubuhi. Chupa ya kwanza ilikuwa nyeusi kama kahawa, ina utando wa mafuta juu, na chini limetulia tope la unene wa vidole viwili. Ya pili ilikuwa na tope la unene wa kidole kimoja. Ya tatu ilikuwa kama chai ya maziwa. Ya nne, kwa kutazama tu, ilikuwa karibu kama maji ya kisima.

Mwanafunzi mmoja akasema, “Mwalimu, hii ya nne si tumeona kwamba mvua imekwisha yasafisha?” Nikawaambia walete vitabu vyao vya hesabu, maana hapo ndipo macho hayatoshi.

Hesabu ya kwanza ni ya vijidudu. Maji machafu mabichi, kwa kipimo cha mililita 100 tu, yaani chini ya kikombe kidogo cha chai, yaweza kuwa na vijidudu vya kinyesi milioni 10. Sasa tuseme mvua imeyachanganya maji hayo na maji safi hata yamekuwa mara 10. Vijidudu vimebaki milioni 1 katika kila kikombe. Yachanganye mara 100: vimebaki 100,000. Yachanganye mara 1,000, na hapo yatakuwa yang'aa kabisa, hata mgeni utaweza kumkaribisha nayo asijue: vimebaki 10,000. Nayo maji ya kunywa, kwa kipimo cha Shirika la Afya la Dunia, hayatakiwi kuwa na hata kijidudu kimoja cha namna hiyo katika mililita 100. Basi maji ya chupa ya nne yamepungua tope, hayakupungua hatari. Rangi ni shahidi wa tope. Juu ya vijidudu haina ushuhuda.

Hesabu ya pili ni ya mzigo. Watu wengi hupima uchafu kwa lita moja moja, wakasahau kuuliza lita ngapi zinapita. Tuseme, kwa mfano tu, mfereji siku ya jua unachukua lita 10 kila sekunde, na kila lita ina nusu gramu ya uchafu. Mzigo wake ni gramu 5 kwa sekunde. Mvua inapoanza, mfereji unachukua lita 100, na kwa kuwa tope limeinuka, kila lita ina gramu 1. Mzigo sasa ni gramu 100 kwa sekunde, yaani mara 20. Baada ya saa moja tope limekwisha, na kila lita ina sehemu ya tano tu ya gramu. Mtu akiichukua lita hiyo atasema, “Hii ni safi kuliko ya siku ya jua,” naye atakuwa amesema kweli. Lakini lita 100 zenye sehemu ya tano ya gramu ni gramu 20 kwa sekunde, na hizo ni mara 4 ya mzigo wa siku ya jua. Mto na bahari hupokea mzigo mzima; hawapokei lita moja moja.

Hesabu ya tatu ni ya wingi wa maji, nayo yaonyesha kwa nini mabomba hushindwa. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya meta moja ya mraba ni lita 1 kamili. Shika hilo, maana litakufaa siku zote. Hekta moja ina meta za mraba 10,000. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ajabu kunyesha kwa saa moja, huangusha juu ya hekta moja lita 200,000. Tuseme nusu yake yazama ardhini na nusu yatiririka: ni lita 100,000. Katika hekta hiyo tuseme wanakaa watu 200, na kila mmoja hutoa lita 40 za maji machafu kwa siku: ni lita 8,000. Basi mvua ya saa moja imeleta maji sawa na maji machafu ya siku 12 na zaidi. Hapana fundi awezaye kulipa bomba la maji machafu upana wa kupokea mgeni wa namna hiyo.

Mafundi wa Uingereza walilijua jambo hilo zamani. Mwaka 1858 Mto Thames wa London ulinuka vibaya hata wakubwa wa Bunge walitaabika katika nyumba yao iliyo kando ya mto. Baada ya hayo mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya matofali, ya namna ile ya kwanza, inayopokea mvua na maji machafu pamoja. Katika mifereji ya namna hii huwekwa midomo ya kupunguzia, na desturi ya Waingereza ilikuwa kuupa mfereji uwezo wa kubeba kama mara 6 ya maji ya siku ya jua. Yanayozidi hapo humwagika mtoni, pamoja na kinyesi chake. Mji ulipokua, na barabara na mapaa yalipozidi kuizuia ardhi isinywe maji, midomo ile ikawa yamwaga mara nyingi kila mwaka. Hatimaye watu wa London wakachimba tundu kubwa la kilometa 25 chini ya mto ili kuyapokea maji hayo, na kazi hiyo yote iliunganishwa mwaka 2025. Nawaeleza haya msije mkadhani kwamba taabu hii ni ya maskini peke yao. Ni taabu ya kila mji uliochanganya maji, na kuyatenganisha baadaye ni ghali sana.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja nako mvua kubwa huyasukuma yote mpaka pwani. Wavulana hupenda kuruka majini pale Forodhani, na ni mchezo wa kupendeza. Lakini baada ya mvua kubwa yafaa wangoje siku 2 au 3, mpaka chumvi, jua na mawimbi vifanye kazi yake.

Sasa na turudi Dar es Salaam. Nimesema kwamba mabomba ya katikati ya mji yalikusudiwa kupokea maji machafu tu. Lakini kusudi ni jambo moja na matendo ni jambo jingine. Mvua huingia katika mabomba hayo kwa njia nyingi. Vifuniko vya chemba huvunjika au huibwa. Mwenye nyumba huunganisha bomba la paa lake na chemba kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Ua likijaa maji, mtu hufunua chemba yapate kutelemka, naye huona amefanya jambo la akili. Tena maji ya ardhini huingia katika nyufa za mabomba yaliyochakaa. Mwisho wake chemba ya bondeni hufurika, na aliyefunua kilimani hawezi kuona.

Baadhi ya maji hayo huishia katika mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti na ya Chuo Kikuu. Mabwawa hayo ni kazi ya ajabu, maana hufanya kazi yake kwa jua na kwa muda tu. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, tope huzama na kuozea chini. Katika la pili mimea midogo ya kijani hupata nguvu za jua na kutoa hewa safi ndani ya maji, na vijidudu vyema hula uchafu kwa msaada wa hewa hiyo. Katika la mwisho, lisilo na kina kirefu, jua huua vijidudu vya maradhi. Lakini yote hayo yataka siku nyingi. Bwawa lenye nafasi ya lita milioni 20, likipokea lita milioni 1 kwa siku, huyakalisha maji siku 20. Mvua ikiongeza hata yakawa lita milioni 2 kwa siku, yatakaa siku 10 tu, tena siku zenyewe ni za mawingu, na mimea ya kijani haina jua la kutosha. Maji hutoka kabla hayajaiva, kama mkate uliotolewa jikoni mapema.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nichague habari hii. Watu wa Dar es Salaam walijua neno “kutapisha”. Shimo la choo likijaa, mwenyewe hungoja mvua kubwa, aghalabu usiku. Kisha hutoboa tundu ubavuni mwa shimo, au huzibua tundu lililokwisha tayarishwa tangu zamani, na vilivyomo ndani hutoka na kuchukuliwa na mkondo. Asubuhi shimo lina nafasi, na mtaro wa mbele ya nyumba umeoshwa na mvua kana kwamba halikuwa jambo.

Siwalaumu kwa urahisi watu wafanyao hivyo. Gari la kunyonya haliwezi kuingia katika vichochoro vya Manzese, na hata likiweza, gharama yake ni kubwa kwa mchuuzi wa samaki au kibarua. Wako watu waingiao shimoni kwa mikono, ambao mjini huitwa vyura, nao hufanya kazi ya hatari kwa ujira mdogo. Tena sina haki ya kumlaumu mtu, kwa sababu sisi wenyewe tulifanya hivyo nyumbani kwetu. Nilikuwa kijana niliyekwisha soma, nikijua habari za vijidudu kitabuni, na usiku wa masika nilishika taa nikammulikia baba mkubwa alipokuwa akizibua. Alisema, “Mvua ya Mungu itapeleka.” Nami niliridhika, kwa kuwa sikuuliza itapeleka wapi.

Chini yetu alikaa mama mmoja na mjukuu wake. Siku ya tatu yule mama alikuja mlangoni kwetu, akaniomba mimi, kwa kuwa naitwa Mwalimu, nimwambie namna ya kumtibu mtoto aliyeharisha usiku kucha. Tulimchukua mtoto hospitali, akatiwa maji mwilini, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini njiani yule mama aliniuliza, “Mwalimu, maradhi haya yametoka wapi?” Sikumjibu. Siwezi kuapa kwamba ni maji yetu yaliyomdhuru mtoto, maana juu yetu nako walikaa watu wengine, na mvua ile ile iliwapitia. Najua hili tu, kwamba kisima alichokuwa akiteka kilikuwa chini ya mtaro wetu, na kwamba usiku ule mimi ndiye niliyeshika taa.

Habari kubwa za mji zaonyesha jambo lile lile kwa kipimo kikubwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua iliyonyesha Dar es Salaam kwa siku chache ilileta mafuriko ambayo hayakuonekana tangu Uhuru. Watu kama 40 walikufa, na wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Maji yalipoingia majumbani yaliingia na vyoo vya mji. Tena mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, katika Kinondoni ya siku hizo, kikaenea mikoa mingi ya nchi, wala hakikukoma upesi. Angalieni kwamba hakikuanza na mvua, maana Agosti ni mwezi mkavu. Kwa hiyo tusiseme kwamba mvua huzaa kipindupindu. Kijidudu hutoka kwa mtu mgonjwa. Kazi ya mvua ni kukichukua toka shimo la mmoja mpaka ndoo ya mwingine.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo machache ambayo mtu aweza kuyafanya bila kungoja mradi mkubwa.

Kwanza, shimo litolewe kabla ya mvua, si wakati wa mvua. Mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba ndiyo miezi ya kulichungulia. Majirani watano au sita wakiweka akiba pamoja, gharama huwa nyepesi. Iko pia pampu ndogo ya mkono iitwayo Gulper, iliyokwisha tumika Dar es Salaam, ambayo yaweza kuingia mahali ambapo gari halipiti.

Pili, mdomo wa shimo uinuliwe juu ya ardhi, na upande wa mlimani uchimbwe mfereji mdogo wa kuyaepusha maji ya mvua yasiingie. Shimo lisiloingiwa na mvua halijai upesi wala halifuriki.

Tatu, maji ya paa yasiunganishwe kamwe na choo wala na chemba. Yakingwe. Paa la meta 8 kwa meta 10, kwa mvua ya milimita 20, hutoa lita 1,600, ambazo ni madebe 80 ya lita 20. Lakini kumbukeni chupa ya kwanza: maji ya mwanzo wa mvua yaachwe yapite, maana yameosha mavi ya ndege na vumbi la bati. Kanuni ya mfereji wa London ndiyo kanuni ya paa la nyumba yako.

Nne, mtaro si jaa. Takataka zikiuziba, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa sebule ya mtu. Kifuniko cha chemba kikivunjika, serikali ya mtaa na mamlaka ya maji waarifiwe, wala kisifunuliwe kilicho kizima.

Tano, kisima kisiwe karibu na choo. Meta 30 ni kipimo chema, tena kisima kiwe upande wa juu. Siku za mvua maji yote ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini, hata kama yang'aa namna gani. Mchicha uliolimwa bondeni uoshwe kwa maji safi na upikwe. Na watoto wasicheze katika maji ya mtaro, hasa ya mvua ya kwanza.

Sita, mtoto akiharisha, asinyimwe maji. Chukueni lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, akanywe kidogo kidogo, huku mnampeleka kwa mganga wa hospitali.

Ninyi mnaokaa shamba msidhani kwamba haya ni ya watu wa mjini tu. Mto wa kijijini nao hukwanguliwa na mvua ya kwanza, na choo kilichojengwa juu ya kisima hufanya kazi ile ile huko kama Ubungo. Walimu wa shule wanaweza kulifanya lile jaribio la chupa nne pamoja na watoto, mwanzo wa mvua zijazo. Watoto wazitie chupa alama ya saa, wapime tope kwa kidole, kisha waulizwe swali nililoulizwa mimi juu ya chupa ya nne. Wasipewe jibu upesi. Waachwe waifanye hesabu wenyewe, na watakaporudi nyumbani watawaeleza wazee wao.

Yule mama bado yuko hai, na mjukuu wake sasa ni fundi wa magari. Baba mkubwa alifariki zamani. Tundu la ubavuni mwa shimo letu niliziba mwenyewe kwa saruji, mwaka ule ule, kabla ya vuli.